Kibaba cha Bibi na Vyombo Vilivyostaafishwa

Juu ya kabati la vyombo nyumbani kwangu hapa Ufukoni, Mtwara, kipo kibaba cha mti kilichokuwa cha bibi yangu mzaa mama. Ni chombo kidogo cha kuchonga, kimekuwa cheusi kwa kushikwa na mikono mingi, na ukingo wake umelika upande mmoja. Bibi alikuwa na duka la nafaka Mikindani, na kwa kibaba hicho alipima mtama, mchele na kunde kwa miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Alipofariki dunia, wajomba zangu waligawana cherehani, kitanda na mabati. Mimi niliomba kibaba. Mkubwa wao alicheka, akaniambia, "Mjomba, utapimia nini? Siku hizi kila duka lina mizani."

Alisema kweli. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, wala sina duka. Hata hivyo, kila ninapokitazama kibaba hicho nakumbuka kosa moja nililolifanya kazini, ambalo nusura limtie hasarani mzee mmoja wa shamba asiyekuwa na habari yoyote na mambo ya kompyuta. Katika makala haya nataka kusimulia historia ya vyombo vya namna mbili vilivyostaafishwa. Vya kwanza ni vile vya pwani yetu, kibaba, pishi na ndugu zao. Vya pili ni vile vya lugha moja ya kompyuta iitwayo Java. Najua msomaji ataona kwamba mambo hayo yako mbalimbali kama mbingu na nchi. Namwomba anivumilie, kwani kwangu mimi yamefundisha somo moja.

Tuanze na kibaba. Kabla ya mizani kuenea, nafaka katika pwani nzima ya Waswahili ilipimwa kwa ujazo na siyo kwa uzito. Kibaba kilikuwa kipimo cha kawaida cha nyumbani. Vibaba 2 vilifanya kisaga, visaga 2 vilifanya pishi, na pishi 60 zilifanya jizla. Bidhaa za biashara kubwa kama pembe za ndovu na sandarusi zilikwenda kwa uzito wa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35 au 36 kutegemea mahali, yaani kilo 16 hivi. Majina hayo yalijulikana kuanzia Lamu mpaka huku kwetu kwenye mlango wa Ruvuma. Mtu aliyepakia mtama wake katika jahazi Mikindani na kushukia Unguja hakuwa na haja ya kujifunza kuhesabu upya. Alisema "pishi", na aliyemsikiliza akaelewa.

Lakini kuelewana kwa jina siyo kulingana kwa kipimo. Pishi ya mji mmoja iliweza kupita pishi ya mji mwingine kidogo. Tena palikuwa na namna ya kujaza. Pishi ya mfuto ilisawazishwa kwa kupitisha mkono au kijiti juu ya ukingo, na nyingine ilijazwa mpaka nafaka ikafanya kilima. Mfanyabiashara asiyemwogopa Mungu aliweza kununua kwa kilima na kuuza kwa mfuto, na katikati hapo akapata faida ambayo hakuitolea jasho. Aidha, kwa kuwa hicho ni kipimo cha ujazo, pishi ya mchele na pishi ya mpunga usiokobolewa hazina uzito mmoja. Kwa hiyo wale waliotaka kuleta mizani hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu nzuri.

Wajerumani, ambao boma lao la Mikindani lilijengwa mwaka 1895, walikuwa watu wa kilo na mita. Waingereza waliowafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa watu wa ratili, inchi na galoni. Katika miaka hiyo hiyo mafuta ya taa yalituletea debe. Lilikuwa bati la galoni 4, lita 18 hivi, na mafuta yalipokwisha lilioshwa likawa kipimo cha mahindi, chumvi na maji. Hakuna serikali iliyolitunga debe. Lilikuja na taa, nasi tukalipa kazi. Baada ya Uhuru, Tanzania ilirudi kwenye kilo, lita na mita mwishoni mwa miaka ya 1960. Ikaja Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na mwaka 2002 ukaanzishwa Wakala wa Vipimo kusimamia mizani na vipimo vyote vya biashara. Mtu aliyezaliwa Mikindani mwaka 1900 na kuishi miaka 70 aliona serikali tatu, kila moja na vipimo vyake.

Bibi yangu alinunua mizani kama ilivyotakiwa. Ilikuwa mizani ya chuma yenye sahani mbili na mawe yake, naye aliitunza kama yai. Kibaba hakukitupa. Alikitoa dukani akakiweka chumbani, juu ya sanduku la nguo, na kikakaa huko mwaka mzima bila kuguswa. Kilitoka mara moja tu, mwishoni mwa Ramadhani.

Nilikuwa na umri wa miaka 9 au 10 nilipomwona kwa macho yangu mwenyewe. Alikuwa anapima mchele wa zaka ya fitri. Alijaza kibaba, akasawazisha kwa kiganja, akamimina katika mkeka. Akarudia mpaka vikatimia vinne kwa kila mtu wa nyumbani. Kila alipomaliza vibaba vinne aliongeza konzi moja ya mchele juu yake. Nikamwuliza, "Bibi, mbona mizani ipo dukani?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, mizani ile ni ya kuuzia. Hiki ni cha kutolea."

"Na konzi hiyo?"

Akanigeuzia kibaba nione ukingo ulivyolika. "Hiki kimezeeka kama mimi. Hakijai tena kama zamani. Mungu simpunji."

Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima. Wajibu ule katika dini ulitajwa kwa ujazo, yaani sa' moja ya chakula, na sa' ni mudi 4. Wazee wa pwani waliiweka pishi mahali pa sa' na kibaba mahali pa mudi. Hivyo mwenye mchele, mwenye mtama na mwenye tende wote walipima sawa, bila mizani, hata katika kijiji cha mwisho kule Msimbati au Kilambo. Leo masheikh hutuambia tutoe kilo 2 na nusu hivi, na wengine huongeza kidogo kwa tahadhari, kwa sababu ujazo mmoja hauna uzito mmoja kwa kila nafaka. Kilo ni kipimo bora cha biashara, na mimi siitaki pishi irudi sokoni. Ila kibaba kilikuwa kinafanya kazi mbili, na sheria iliijua moja tu. Ile ya pili haikuandikwa popote katika sheria ya vipimo. Ilikuwa mkononi mwa watu kama Bibi. Konzi ile ya ziada nayo haikuandikwa popote. Angekirithi mtu asiyejua habari ya ukingo uliolika, angepunja bila kukusudia.

Sasa twende kwenye kompyuta. Programu yoyote ina taarifa nyingi za kushika kwa wakati mmoja, kama majina ya wakulima, uzito wa magunia, bei na tarehe. Mwandishi wa programu hana haja ya kujichongea chombo kipya kila mara. Lugha anayoitumia huja na maktaba sanifu, yaani ghala la vipande vilivyokwisha kuandikwa na wenye lugha, na ndani ya ghala hilo mna vyombo vya kuwekea taarifa. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa chombo kwetu ni sahani, ni sufuria, na tena ni jahazi; ni kitu chochote kinachopokea mzigo na kuutunza mpaka utakapotakiwa.

Lugha ya Java ilitoka katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na anayetambuliwa kuwa baba yake ni James Gosling. Ilitangazwa mwaka 1995, na toleo lake la kwanza likatoka Januari 1996. Katika maktaba yake mlikuwa na vyombo vichache tu. Kimoja kiliitwa Vector, nacho ni orodha inayokua kadiri unavyoiongezea vitu. Kingine ni Hashtable, ambacho hufanya kazi kama daftari la mwenye duka: unataja jina la mtu, unapewa kilichoandikwa chini ya jina hilo. Cha tatu ni Stack, ambamo kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Vyombo hivyo vilikuwa na tabia moja inayohitaji maelezo, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa changu. Programu inaweza kufanya kazi kadhaa sambamba, mfano wa makarani watatu wanaoandika katika daftari moja. Ikiwa wawili watashika kalamu kwa pamoja na kuandika katika mstari ule ule, maandishi ya mmoja yatafutika. Waliotengeneza Vector na Hashtable waliliona hilo, wakaviwekea kufuli la ndani. Kila anayetaka kuandika au kusoma hufungiwa mlango peke yake, akimaliza mlango hufunguliwa, na mwenziwe huingia. Mtumiaji hakuliona kufuli hilo wala hakulitaja. Lilikuja na chombo.

Baada ya muda watu walianza kulalamika. Kwanza, kufuli lilifungwa na kufunguliwa kwa kila mstari hata penye karani mmoja tu asiye na mwenzake, na hiyo ilikuwa kazi ya bure. Pili, kufuli lenyewe halikutosha. Karani aliweza kuingia, akaangalia kama jina fulani lipo, akatoka, kisha akarudi kuliandika. Na kati ya kutoka na kurudi, karani mwingine akawa ameingia. Kufuli lililinda kila tendo moja moja. Halikulinda shughuli nzima. Mtu alidhani yuko salama kumbe yuko salama nusu.

Desemba 1998 lilitoka toleo la 1.2, na ndani yake seti mpya ya vyombo iliyobuniwa chini ya uongozi wa Joshua Bloch. Mahali pa Vector palikuja ArrayList, na mahali pa Hashtable palikuja HashMap. Vyombo vipya havikuwa na kufuli. Mwenye kulihitaji aliombwa aliseme waziwazi, na maktaba hiyo hiyo ilimpa namna ya kukivika chombo chake kufuli. Stack nayo ilipata mrithi katika toleo la mwaka 2006.

Je, vyombo vya zamani vilitupwa? La. Programu zilizokwisha kuandikwa kwa vyombo hivyo zilikuwa nyingi mno, na kuviondoa kungezivunja. Hata sehemu za Java yenyewe, kama ile ya kuchora majedwali kwenye kioo cha kompyuta, zilikuwa zikitumia Vector na zinaitumia mpaka leo. Basi ikaamuliwa vibaki, na tena vifundishwe lugha ya wageni. Ndiyo maana Vector ina majina mawili kwa tendo moja: jina la kale la kuongeza kitu, na jina jipya linalofanya kazi ile ile. Inanikumbusha wazee wa soko la Mikindani waliokuwa wakijibu "ratili" kwa mteja mzee na "kilo" kwa mteja kijana, huku mkono ukifanya kazi ile ile.

Java ina alama rasmi ya kustaafisha kitu, na imekuwa nayo tangu 1997. Ukikitumia kilichotiwa alama hiyo unapewa onyo, lakini programu yako inaendelea kufanya kazi. Tangu 2017 alama hiyo inaweza pia kueleza kitu kilistaafishwa katika toleo gani, na kama kimepangwa kuondolewa kabisa. Jambo la kushangaza ni kwamba Vector na Hashtable havikupigwa alama hiyo hata mara moja. Vilistaafishwa kwa maneno tu, katika kitabu cha maelezo, na kwa midomo ya walimu na mafundi. Neno la midomoni, kama tujuavyo, huacha nusu njiani.

Hapo ndipo kinapoingia kisa changu. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zinapimwa kwa mizani, anapewa risiti, kisha mzigo hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Miaka michache baadaye chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniomba niwatengenezee programu ya kuandikia mapokezi ya kila siku. Makarani watatu walikaa kila mmoja na kompyuta yake, na kompyuta ya nne ilikusanya walichoandika. Orodha ya mapokezi ya siku niliiweka ndani ya Vector. Sikufikiri sana, ndicho chombo nilichofundishwa. Programu ilifanya kazi misimu miwili bila malalamiko, nami nikajisifu kwamba nimeiandika vizuri. Kumbe sehemu ya sifa hiyo ilikuwa ya kufuli ambalo hata sikulikumbuka.

Kisha nilipata kijana wa kunisaidia, aliyetoka chuo kikuu, mwepesi na mwenye adabu. Siku moja alikuwa anasoma kazi yangu, akaniambia kwa upole, "Kaka, samahani, hivi bado tunatumia Vector? Hii si imepitwa na wakati tangu 1998?" Niliona haya. Nilijua kwamba ni kweli, na sikupenda kuonekana mzee wa mambo ya kale mbele ya kijana. Nikamwambia abadilishe. Alimaliza kabla ya saa kumi alasiri. Tukaijaribu kwa kompyuta moja, ikaenda vizuri. Tukafunga ofisi, tukaenda kunywa chai.

Msimu ulipofika, mwanzoni mambo yalikuwa shwari kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo. Novemba foleni ikawa ndefu, na makarani watatu wakawa wanaandika bila kupumzika. Jioni moja, orodha ya siku ilipochapwa na kubandikwa ukutani, alikuja mzee mmoja, akajitafuta juu mpaka chini, akajitafuta tena. Karani akanipigia simu, nikaenda. Mzee hakufoka. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, mimi nimeleta magunia matatu. Nimeyabeba kwa baiskeli, safari tatu. Hiyo kompyuta yako inasema sikuja?"

Sikuwa na la kumjibu. Kilichomwokoa ni karatasi. Karani wa mizani alikuwa na desturi ya kuandika kila mzigo kwa mkono katika daftari la nakala kabla ya kuuingiza katika kompyuta, na mzee alikuwa na risiti yake, ameikunja vizuri ndani ya kofia. Magunia 3 yaliandikwa humo kwa wino. Mzee alirudishiwa haki yake jioni ile ile. Tulikesha usiku wawili tukilinganisha daftari na kompyuta, tukakuta wakulima wengine wawili ambao mistari yao ilipotea, nao wenyewe walikuwa hawajagundua.

Chanzo tulikipata usiku wa pili. Makarani wawili walibonyeza kwa wakati mmoja. ArrayList, isiyokuwa na kufuli, iliwapa wote wawili nafasi ile ile katika orodha, na aliyeandika nyuma alifuta maandishi ya aliyetangulia. Hakuna onyo lililotolewa, kwa kuwa chombo hakikuharibika. Kilifanya kama kilivyoandikwa kitafanya. Nilifungua kitabu cha maelezo, nikakuta mashauri yamewekwa pale pale mbele ya macho yetu: ikiwa huna haja ya ulinzi ule, inashauriwa utumie ArrayList mahali pa Vector. Sentensi hiyo ina sharti mwanzoni. Mimi na kijana wangu tulikuwa tumeisikia nusu ya pili peke yake, maana ndiyo inayosemwa na watu.

Sikumlaumu kijana. Alisema kweli, na aliniuliza. Aliyepaswa kujua ukingo umelika upande gani nilikuwa mimi, kwa sababu kibaba kilikuwa changu. Bibi alipojua kasoro ya chombo chake aliongeza konzi, na mjukuu alipouliza alimgeuzia akamwonyesha. Mimi nilikuwa na chombo chenye siri, sikuandika hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini kimewekwa pale, na mwenzangu alipouliza niliona haya nikanyamaza.

Hatukuirudisha Vector. Msomaji anaweza kufikiri kwamba fundisho la kisa hiki ni kwamba ya kale ni dhahabu, lakini sivyo. Kufuli la Vector lilikuwa limejificha, na kilichojificha huondolewa na mtu asiyejua kuwa kipo. Tuliacha chombo kipya, tukaweka kufuli letu nje, likazunguka shughuli nzima ya kumpokea mkulima, tangu kuandika katika orodha mpaka kuhifadhi. Juu yake tukaandika kwa Kiswahili sababu ya kuwekwa. Hilo lilikuwa bora kuliko Vector. Ila tulilijua baada ya kumtia mzee wasiwasi usiostahili.

Tena, chombo cha zamani kinachobaki bila mwangalizi kina madhara yake, na sisi watu wa Mtwara tunayajua vizuri. Sheria inataka korosho zipimwe kwa mizani, lakini kwa miaka mingi umekuwapo ununuzi uitwao kangomba, unaofanyika vichochoroni kwa vipimo visivyo rasmi, mara nyingi kabla ya msimu, wakati mkulima ana njaa au mtoto anatakiwa ada. Mwaka 2018, bei ya mnada ilipogomewa na wakulima, Serikali iliamua mwezi Novemba kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliingiza jeshi katika kazi ya kuzikusanya. Uhakiki wa malipo ukaanza, na waliodhaniwa kuwa ni wa kangomba walitakiwa kuonyesha mashamba yao. Huko sokoni nako kuna lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa cha kushonewa kwa kamba, ambalo sheria inalikataza. Ni kilima kile kile cha pishi ya zamani, na anayepunjwa ni yule yule.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba kangomba haiendelei kwa sababu wakulima hawajui kilo. Wanaijua. Inaendelea kwa sababu inatoa kitu ambacho njia rasmi haikitoi mwezi wa Julai, nacho ni fedha mkononi leo. Kupiga marufuku kipimo bila kuuliza kinashikilia kazi gani nyingine ni sawa na kubadilisha Vector kwa sababu imezeeka. Kitu kipya kitaingia, na ile kazi ya pili itabaki bila mwenyewe.

Tangu msimu ule nimekuwa na utaratibu. Kabla ya kustaafisha chochote katika kazi yangu, kiwe chombo cha programu au daftari la karani, natafuta kwanza nani bado anakitumia, na kinamfanyia nini kisichoandikwa. Pengine jibu ni kwamba hakuna, nacho huondoka bila kilio. Pengine jibu huwa refu, na hapo kazi mpya huanza kwa kuliandika jibu hilo. Desturi ya daftari la nakala pale kwenye mizani niliombwa niiondoe mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba kompyuta inatosha. Nilikataa, nikaeleza sababu kwa maandishi.

Kibaba bado kipo juu ya kabati. Kila mwisho wa Ramadhani mke wangu hukiteremsha, ingawa mizani ya jikoni tunayo. Mwaka jana binti yetu mdogo alikuwa anashika mkeka, akaniuliza mbona mama anaongeza konzi baada ya kila vibaba vinne. Nilikichukua kibaba, nikamgeuzia ukingo.